Fisi Maji Kanisani

Wifi yangu Aila alipotangaza kwamba siku ya harusi yake ataingia kanisani kwa muziki wa fisi maji, mume wangu Toivo aliacha kijiko cha supu hewani.

"Ule wa hatua ya tatu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Ndugu hawa wawili walikulia hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, na baridi ya miaka ile waliimaliza mbele ya televisheni, wakicheza mchezo wa video wa kumvusha fisi maji mito na mabarafu. Rekodi ya muziki ule ipo mtandaoni, ila Aila hakuitaka. "Nataka upige wewe, kaka. Si una kile kikokotoo chako?"

Kikokotoo ni mashine ya Toivo ya kutungia muziki, inayoenea kiganjani. Kwenye kioo chake zinashuka safu za namba na herufi, kila moja na sauti yake, na sauti zote zinazaliwa humo humo ndani. Wiki tatu alijikunja nayo kwenye kochi, akisikiliza rekodi na kuingiza namba. Ngoma aliitengeneza kwa mchakacho mtupu, kama wa redio isiyoshika stesheni. Palipohitajika sauti tatu kwa pamoja, alizifanya zikimbizane upesi mpaka sikio likadanganyika.

Aila akaja kusikiliza. "Safi mno. Ule wa utotoni kwetu ulikuwa unakwaruza."

"Bibi harusi gani anataka kukwaruzwa?"

"Mimi."

Toivo akautia mkwaruzo. Kisha, kwa kujifurahisha tu, baada yake akaongeza ule mpigo wa mbio unaolia mchezoni muda unapokaribia kwisha. Alishapima: kutoka mlangoni hadi madhabahuni ni mizunguko miwili ya muziki. Wa mbio hautafikiwa.

Jumamosi ikafika. Aila akaingia ameshikwa mkono na baba yake, mzee Raimo, fisi maji akiwatangulia taratibu kwenye spika. Watu wakatabasamu. Ila Aila hakuweza kumpita shangazi bila kumbusu, na mashangazi walikuwa saba. Mzunguko wa pili ukaisha yuko katikati ya kanisa.

Muziki ukachomoka mbio.

Toivo akawa mwekundu hadi masikioni, vidole vikitapatapa kwenye vitufe.

"Usizime!" Aila akapaza sauti. Akakusanya gauni kwa mkono mmoja. "Baba, twende! Muda unakwisha!"

"Mwanangu, goti langu!"

"Utalipumzisha ukifika!"

Wakakimbia. Kanisa zima likasimama kushangilia, na bwana harusi, Odell, akatanua mikono kama golikipa. Mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akaomba maji kabla ya kuanza ibada.

Kwenye karamu Toivo alijificha nyuma ya sahani ya wali mwitu, ule mweusi wa huku kwetu. Kwa miaka yote alikuwa hajampigia mtu muziki wake ila mimi, na sasa alikuwa amekimbiza harusi nzima. Shangazi Lempi, mwenye miaka themanini na mmoja, akamfuata hapo hapo na kuvuta kiti.

"Hicho kidude chako kinajua muziki wa kucheza wawili wawili?"

"Kikifundishwa, shangazi."

"Basi kifundishe. Nataka kucheza, na bendi yenyewe inanipigia kelele tu."

Toivo akasogeza sahani, akaiwasha mashine. Shangazi Lempi akamwinamia, akaanza kumwimbia sikioni polepole, naye akaingiza namba ya kwanza.