Shati Bila Lebo

Kiwandani walimwita Mama Lebo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushona lebo ya mnunuzi wa ng'ambo kwenye kola ya kila shati. Wenzake walimtania kwamba kazi hiyo hata kuku angeiweza. Lakini asubuhi hiyo msimamizi alimwita stoo, akafunga mlango, akamkabidhi wembe.

"Zifumue lebo zote."

Mama Lebo akatazama marobota ya mashati yaliyofika darini.

"Zina kasoro, bosi?"

"Hazina. Huko kwao wamepandisha ushuru, mnunuzi amejitoa. Tutaziuza hapa hapa kwa bei ya kutupa, na hataki jina lake lionekane sokoni." Akapunguza sauti. "Wiki ijayo mashine zinazimwa. Watabaki wachache. Ukifunga mdomo, na wewe umo."

Alifumua lebo moja baada ya nyingine. Alijikata kidole, wala hakuhisi. Alikuwa na hofu, tena hofu ya aibu, maana ndani yake mlikuwa na kafuraha: yeye atabaki.

Mchana mdogo wake alikuja getini, uso unang'aa. Mama Lebo ndiye aliyemhangaikia nafasi pale kiwandani, naye mdogo wake alikuwa aanze Jumatatu.

"Dada, naenda kuaga kazi kule zahanati. Nimechoka kupiga deki!"

Msimamizi alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi, anawatazama.

"Mbona umejaa nyuzi hivi?" Mdogo wake akacheka, akawa anamtoa uzi mmoja mmoja begani. "Basi, niende?"

"Nenda," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Wembe ulipokuwa butu, alikwenda ofisini kuomba mwingine. Msimamizi alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi: birika, viatu vya akiba, picha ya wanawe.

"Na wewe, bosi?"

"Wenye kiwanda wamenipigia sasa hivi." Hakuinua macho. "Hakuna anayebaki."

Mama Lebo alitoka mbio hadi getini, ambako wafanyakazi huacha simu zao kwa mlinzi, akaikwapua yake. Ikaita, ikaita. Pokea, mdogo wangu, pokea.

"Dada!" Mdogo wake alikuwa na furaha tele. "Nimeshaaga! Wamempa nafasi yangu jirani yetu, ameshaanza kupiga deki. Haya niambie, Jumatatu nivae nini?"