Mukutano juu ya Huzuni Yangu

Wiki nzima nililala tu, bila kula wala kuongea, basi papa akaita mukutano wa familia kwetu Majengo. Heshima gani hiyo kwa mutoto wa miaka kumi na tano! Shangazi Marcelline, mutu wa maombi, aliniona na pepo. Baba mudogo Josias alisema ni minyoo. Dawa alishainunua njiani, mutu mwema kabisa. Papa alilaumu telefone, ile aliyoiuza mwaka jana. Mama alisema ni uvivu, maana vita tuliikimbia sote na yeye bado anapika. Miye nilikuwa papo hapo: walinitoa kitandani niwamiminie chai. Niliulizwa swali moja tu: sukari iko wapi?