Benzi ya Ntwari na Kamba ya Bihogo

Sogeeni hapa wote, sogeeni karibu na mnyamaze, maana mkisema kwa pamoja silisikii gari, ndivyo Adelfina alivyowaambia kimoyomoyo marehemu wake, baba yake na mumewe Bizimana na mama mkwe wake mwenye sauti ya kinu, hao ambao siku zote humwingia kichwani bila hodi na leo wamejazana kama watu waliokuja msibani, leo ambapo yeye, bibi kizee wa Mabawe asiyejua kuandika hata jina lake, amekalishwa kiti cha nyuma cha Benzi uani kwake mwenyewe, injini inanguruma taratibu, milango iko wazi, na mwanawe Gidioni ameinama pembeni yake akiuliza, Mama, unasemaje, kana kwamba jambo la namna hiyo mtu huulizwa akalijibu hapo hapo kama salamu, tumtoe Bihogo au tusimtoe, kwa kuwa makubaliano ndiyo hayo, ng'ombe kwa gari, gari la Ntwari, mfanyabiashara wa kahawa aliyevuka mpaka kutoka Burundi pamoja na maelfu ya wakimbizi wenzake mvua za vuli zilipoanza, na ng'ombe ni Bihogo, wa mwisho kubaki katika boma la marehemu Bizimana, na ng'ombe wa mjane hatoki uani mpaka mjane mwenyewe aseme kwa kinywa chake.

Umbo halina neno, hilo alikubali tangu lilipoingia uani, rangi ya mtama ulioiva, pua ndefu, paji pana, mgongo ulionyooka usio na nundu wala bonde, na ile nyota iliyosimama puani, baba yake angelizunguka kimya mikono ikiwa nyuma kama alivyomzunguka kila ng'ombe mnadani, angeinama, angechungulia chini ya tumbo, halafu angesema, mwanangu, usimtazame ng'ombe pembe, pembe ni za kuwafurahisha majirani, mtazame anavyoinuka asubuhi… na asubuhi hii liliinuka, Baba, ukungu bado umelala migombani, Gidioni akazungusha ufunguo mara moja tu na gari likaamka bila kukohoa, si kama lori la kahawa alilokuwa utingo wake miaka ile, lile lililosukumwa na kijiji kizima hadi mtelemkoni na wanawake wakilitukana kama mume mlevi, hili liliitika tu, akaweka kikombe cha maji juu ya boneti, maji yakatetemeka kidogo kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza nzi, hayakumwagika hata tone, na Gidioni akamkonyeza mkewe Francisca kana kwamba injini kaiumba yeye.

Mama, unasikia lakini, nasikia, subiri, nalionja kwanza… na vitufe je, hivyo ndivyo vilivyomshinda, unabonyeza hapa mlangoni na kioo kinazama chenyewe kama chura bwawani, unafunga mlango mmoja na ile mingine mitatu inajifunga kwa pamoja, tak, kama waumini wanapopiga magoti, na mama mkwe wake akasema humo kichwani, kitu kinachojifunga chenyewe siku moja kitakufungia ndani, nyamaza Mama, wewe hata redio uliigeuza ikatazama ukutani ili yule mtu wa ndani asikuone ukivaa… mbele pale pana ubao uliong'arishwa mpaka unajiona uso, mti gani huo, si mninga, si mvule, mti wa kwao huko, na saa yenye mishale, na redio, na tundu zinazopuliza ubaridi, hizo Gidioni alizicheka, kiyoyozi cha nini Ngara, mzee, upepo wa Mungu upo bure, na Ntwari akasema, hicho usikihesabu.

Na mwendo, walipanda nalo mlima wa parokia na kurudi, ndiyo ilikuwa safari yenyewe, njia ile anaijua kwa nyayo na kwa magoti, kila shimo lina jina, lile la mchungaji aliyevunjika mguu, lile la mtungi wa arusi, leo yote yamepita chini yake kama yanayosimuliwa tu, hajarushwa, hajashika popote, na kifuani kikamjia kitu cha zamani akakaa akijiuliza ni wapi mimi nilishawahi kubebwa hivi, wapi… mpaka walipofika kanisani akakumbuka, ngobyi, ile machela ya kusuka tuliyobebewa maharusi na wagonjwa, alibebwa humo siku ya kuolewa, amefunikwa nguo, wanaume wanne mabegani, wanaimba wakibadilishana mabega bila kusimama, na yeye bibi arusi ilimpasa alie njia nzima ili watu wajue kwao alipendwa, akalia vizuri tu mpaka kwenye kijito cha chini, hapo mbebaji mmoja akasema, jamani, huyu kwao walimlisha mawe nini, na mwingine wa nyuma akajibu, ni mapenzi hayo, bwana, yana uzito, na sauti ya yule wa nyuma akaijua, ni Bizimana mwenyewe, bwana arusi ambaye ilimpasa awe nyumbani akingoja ametulia, kaja kujichanganya na wabebaji kwa kutomwamini mtu mwingine na mzigo wake, akacheka humo ndani ya nguo, akacheka na machozi, wazee wakadhani ndiyo analia sasa kweli kweli, wakamsifu… Bizimana, bega lako lilikuwa laini kuliko shokapu za hili gari, nasema ukweli, ila hili halihemi.

Halihemi lakini linakunywa, anasikia Gidioni akilisema kwa sauti ya mnadani, linakunywa petroli, mzee Ntwari, silinda hizi zinataka kisima, na tumbo liko chini, masika ikija hapa kwetu litakaa topeni kama kiboko, na spea, spea nitazipata wapi, mpaka Mwanza, na Ntwari amesimama pale kofia mkononi, anakubali kila moja, ndiyo liko chini, ndiyo linakunywa, taa ya kushoto ina ufa, hiyo hukuiona, nakuonyesha… na Adelfina akaona aibu ikimpanda shingoni, kwa sababu hivi sivyo, Gidioni, hakuna mtu anayemsema ng'ombe wa mfiwa mbele ya mfiwa, baba yako hakukufundisha hivyo, ila anajua pia kwa nini mwanawe anasema, anasema kwa sababu analitaka mno na anaogopa lionekane linatakwa, huyu miaka yote amelala juu ya magunia ya kahawa ya watu wengine, ameshika magurudumu ya watu wengine, na sasa watu wa misaada wamejaa Ngara, wanakodi chochote chenye usukani, atawapeleka kambini, atapeleka wagonjwa hadi Biharamulo, atapita mbele ya lile boma la Wajerumani ameegemeza kiwiko dirishani, na ni haki yake, ni mtoto mzuri, hajawahi kumwomba mama yake kitu kikubwa ila hiki.

Mama, mzee anangoja, bibi mwacheni, anasema Ntwari, gari halinunuliwi kwa haraka, hata mimi nililizunguka wiki nzima, mke wangu akaniambia nioe basi hilo gari… anacheka kidogo, halafu hacheki tena, na Adelfina ambaye mkono wake ulikuwa unapapasa ngozi ya kiti, ngozi halisi hii, ya ng'ombe aliyelishwa vizuri, mkono wake ukasimama, maana hapo alipokaa pana kibonde, si uchakavu, kibonde kilichokaliwa, mtu alikaa hapa nyuma upande wa kushoto Jumapili baada ya Jumapili mpaka kiti kikamjua, mwanamke, mpana kama yeye, makalio yao yanalingana, na anajua, kambini kote wanajua, kwamba huyo mke alizikwa kabla ya vita, alhamdulillah wangesema Waislamu wa Biharamulo, kwa kuwa hakuona, na binti yao aliyekalia kiti cha mbele wakati wa kukimbia hakufika mpakani, kilichofika ni mzee na mjukuu wa kunyonya, huyo aliye kiunoni kwa Francisca sasa hivi, mlangoni mwa jikoni, anayetema uji wa msaada kila akipewa, unga wa njano ule, anautema kama sumu, lakini tangu walipoingia hapa uani amemaliza kikombe cha maziwa ya Bihogo na bado anakitazama… ndiyo maana mtu anauza Benzi kwa ng'ombe mmoja. Gidioni alimwambia jana kwa furaha, Mama, kule kwao hili lilinunuliwa kwa thamani ya zizi zima, sisi tunalipata kwa ng'ombe mmoja, ni bahati, na yeye hakuuliza jana bahati ya nani.

Kwa hiyo nikatae, alijisemea, nitakataa, tusile jasho la msiba, na mara akaona kukataa nako ni kubaya, mzee atapanda gari lake na kurudi kambini na mtoto atarudishwa kwenye ule uji, na Gidioni atanyamaza, akinyamaza huyo hunyamaza miaka, na Bihogo atabaki akicheua pale pale alipo chini ya migomba bila kujua chochote, basi nikubali, lakini nikikubali… na hapo macho yakamwangukia mkono wa Ntwari, chini ya kofia, ameshika kamba, kamba ya buluu ya nailoni, zile wanazofungia maturubai kambini, ameizungusha vizuri, amekuja na kamba yake, na kitu kikamchoma, kwa kuwa hata kule kwao mila ni moja, ng'ombe aliyeuzwa hutoka bila kamba, kamba ya muuzaji hubaki kwenye mti wake, mnunuzi huja na yake, ndivyo watu wanavyoonyesha kwamba mambo yameishia hapo, hakuna anayemdai mwenzake hata salamu, mzee wa watu kaja amejiandaa kwa mambo kuishia hapo.

Na baba yake akasema, safari hii peke yake, unakumbuka ile njaa, na anakumbuka, alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni na dada, mihogo ilioza ardhini, migomba ilianguka, baba alichukua mkuki wake wa urithi, wenye shaba mpini mzima, hakuwa na kingine cha thamani, akavuka mpaka kwenda huko huko, Burundi, akafika kwa mtu asiyemjua, akaeleza, mkuki kwa ng'ombe mmoja mwenye maziwa, na ameleta kamba yake, yule mtu akaupokea mkuki, akaupima mkononi, akausifu, akampa pombe ya ndizi, kisha asubuhi akamrudishia mkuki na kumkabidhi ng'ombe pamoja na kamba aliyofungiwa, akasema, sikuuzii, nakugawia, ukizaliwa ndama wa pili utanikumbuka, na baba alirudi Mabawe mkuki begani na ng'ombe mbele na kamba mbili mkononi, analia barabara nzima, mwanaume mzima, na dada akaniuliza mbona Baba analia na ng'ombe kapata… Na tangu hapo kila mavuno kibuyu kilivuka kwenda na habari zilivuka kuja, yule mtu alipofiwa sisi tulinyoa nywele, baba akisema, ng'ombe aliyeuzwa anaishia zizini, aliyegawiwa anatembea mpaka leo.

Kumbe halikuwa swali la gari. Gari ni zuri, Gidioni, nakuambia kama nilivyofundishwa na baba yangu kuangalia, linainuka vizuri, linabeba vizuri, linakunywa na liko chini, hata mimi nakula na magoti yangu hayapandi mlima, lakini kabla ya gari mpeleke kwanza Bihogo, atoke na kamba yake hiyo hiyo ya katani aliyoisokota Bizimana, asiuzwe, agawiwe, hadharani, Ntwari airudishe ile ya buluu kambini ikafunge turubai, na baada ya hapo akitaka kutupa gari atatupa, akitaka kulichukua atalichukua, utavumilia, mwanangu, moyo utakuuma na utavumilia, ila namjua mtu kwa anavyoonyesha ufa ambao mwenzake hakuuona, huyo hatalichukua, na Jumapili watakuwa wanakuja kutuamkia, na mtoto… Injini inanguruma vile vile, kikombe cha maji kimerudishwa juu ya boneti, Francisca anamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga, Ntwari kofia mkononi, Gidioni ameinama pembeni, Mama, unasemaje, na Adelfina akavuta pumzi ya kusema.

Baadaye, watu walipogawana kilichokuwapo, gari, nalo la kugawiwa, lilikuwa la Gidioni, aliyelitumia njia ya Biharamulo mpaka lilipochoka, ndama wa pili wa Bihogo alirudi Mabawe akawa wa Francisca, wa kwanza akabaki kwa Ntwari na uzao wake ukavuka naye kurudi kwao amani ilipopatikana, mkuki wa shaba ulikwenda kwa wana wa dada, na yule mtoto aliyekuwa akitema uji alirithi bibi, Adelfina mwenyewe.