Misumari Kumi na Miwili

Dole gumba la Mstari lilikuwa likiutafuta msumari wa tano. Lilitembea polepole juu ya rangi ya manjano, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi, mpaka likakwama kwenye kichwa kidogo cha chuma kilichozikwa chini ya rangi.

"Wewe hapa," akasema. Akafunga uzi wa chaki, akauvuta, akauachia. Uzi ukaupiga ukuta, pa! Ukaacha mstari mweupe ulionyooka kiasi cha kuwatia aibu mafundi wote wa mjini. Ndiyo maana jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa juu ya ngazi, usawa wa ghorofa ya pili, tangu jua halijapata makali. Chini yake, mbele ya duka la simu, foleni ilikuwa imeshapiga kona. Leo kampuni ya bluu ilikuwa inatoa simu yake mpya yenye kamera tatu mgongoni, na kampuni ya manjano, ng'ambo ya njiapanda, ilikuwa inatoa yake yenye kamera nne. Mwaka juzi tu simu hizi za kioo zilikuwa za wenye nazo. Sasa mshona viatu alikuwa nayo, muuza mkaa alikuwa nayo, na kinyozi alikuwa nazo mbili, ya bluu na ya manjano, asije akamkosea mteja. Kadiri zilivyouzwa ndivyo kampuni zilivyozidi kuchukiana, na chuki yote hiyo ilihitaji mahali pa kuandikwa. Iliandikwa hapa. Ukuta huu uliangalia barabara tatu. Mwenye jengo alikuwa na mikataba miwili mfukoni, mmoja kwa kila kampuni, na akiulizwa anakuwa kiziwi.

Kwa hiyo ukuta ulivalishwa na kuvalishwa tena. Jumatatu bluu, Alhamisi manjano. Mstari alipaka bluu. Aliyepaka manjano alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, Mama Pacha, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akipanda naye ngazi moja kabla kampuni hazijawagawana. Huyo aliitwa Doa, kwa kuwa hajawahi kushuka ngazi akiwa msafi. Mchana walitakiwa wasisalimiane. Jioni walikula sahani moja kwa Mama Pacha.

"Kitendawili!" Doa alikuwa akisema, mdomo umejaa.

"Tega."

"Nina bibi yangu, kila wiki anavaa gauni jipya, na la zamani havui."

"Ukuta."

"Ah! Nani kakunong'oneza?"

"Una manjano mpaka puani, nitaacha kujua?"

Hapo sahanini ndipo walipokubaliana jambo dogo, la kifundi. Majina ya kampuni hizo mbili, kwa bahati tu, yote yalikuwa ya herufi sita. Kupima herufi sita kwenye ukuta mkubwa vile kunakula nusu ya siku. Kwa nini kila mmoja apime upya? Wakapigilia misumari kumi na miwili, sita juu na sita chini, na hakuna aliyeing'oa. Kila aliyemaliza alimwachia mwenzake. Wala hawakuona kama ni ujanja. Ilikuwa kama kumwachia mtu maji ya kuoga.

"Fundi! Shuka."

Ilikuwa sauti ya Wakala wa bluu, mwanamume mwembamba mwenye viatu visivyojua vumbi. Miezi mitatu mfululizo manjano walikuwa wamemshinda kwa mauzo, na wakubwa wake walikuwa wamemwambia kwamba akishindwa wa nne, aanze kutafuta kazi nyingine. Tangu hapo alikuwa ameajiri walinzi wa ukuta, wanaume wanne wenye nondo. Mkubwa wao aliitwa Kifua, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

"Bado herufi mbili, bosi."

"Nimesema shuka. Au unataka ngazi ikushushe?"

Kifua alikuwa ameshaishika. Akaitikisa mara moja, kidogo tu, kama mtu anayejaribu jino bovu. Kopo lililoning'inia likamwaga bluu ukutani, na Mstari akaukumbatia ukuta kwa shavu. Kisha akashuka, kipago kwa kipago.

Wakala alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na msumari mmoja, mdogo, wenye ngozi nene ya rangi: bluu, manjano, bluu, manjano.

"Hiki nini?"

"Msumari, bosi."

"Kumbe ninaona vizuri. Sasa niambie, msumari huu unafanya nini kwenye ukuta wangu chini ya rangi ya adui yangu?"

"Ni wa zamani huo."

"Wa zamani." Wakala akageuka. "Mleteni."

Walimshusha Doa kutoka nyuma ya pikapu kama gunia. Walikuwa wamemkamata dukani akinunua thina ya kuyeyushia rangi. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, mdomo wa chini umepasuka katikati, na kifuani mwa ovaroli ya manjano kulikuwa na doa jekundu linaloendelea kukua.

"Umeamkaje, shemeji," alisema. Hata hapo alitaka kuchekesha.

Kifua akampiga nondo nyuma ya magoti. Doa akaenda chini kwa uso.

"Shemeji!" Wakala akapiga makofi. "Mmesikia? Basi na mimi nina kitendawili. Maadui wawili mchana, misumari yao inalala kitanda kimoja. Haya, tegueni."

Doa akatema damu.

"Mmeshindwa? Nipeni mji, basi. Hamna hata mji?" Sauti yake ikapanda. "Mnanila pande mbili! Ndiyo maana rangi yangu haikai wiki. Ndiyo maana simu zangu haziendi!"

"Ni kipimo tu, bosi," Mstari alisema. "Tunaachiana kipimo. Rangi nakupakia kwa haki yako, koti mbili, kama ulivyo—"

Hakumaliza. Ngumi ya Kifua ilimkuta na neno mdomoni, ikalirudisha ndani pamoja na jino. Alijikuta amekaa chini, ulimi ukizunguka kwenye pengo jipya lenye ladha ya kutu.

Watu wa foleni walipiga hatua moja nyuma, kisha wakapiga hatua moja mbele. Hakuna aliyetaka kupoteza nafasi yake. Simu zikainuliwa, za bluu na za manjano, zote zikitazama upande mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza zinakubaliana juu ya kitu.

"Nyundo yake," Wakala alisema.

Mmoja wa walinzi akaichomoa nyundo kiunoni mwa Mstari, ile ndogo ya kupigilia misumari midogo, na kuitia mkononi mwa Mstari. Kifua akamburuza Doa mpaka kwenye debe la rangi ambalo halijafunguliwa, akaulaza mkono wa kulia juu ya kifuniko, na kuukanyaga kwenye kifundo kwa kiatu chake.

"Utauvunja wewe," Wakala alimwambia Mstari. "Nikiona kwa macho yangu, nitajua wewe ni wa kwangu, utapanda umalize herufi zako. Usipotaka, sikulazimishi. Kifua atavunja mikono ya huyu yote miwili kwa nondo, halafu yako."

Mstari aliutazama mkono ule. Kucha zenye manjano. Kovu la msasa. Mkono huo ndio uliomdaka kwa mkanda wa suruali mwaka ule ngazi ilipoteleza, akabaki ananing'inia juu ya barabara akitukanwa, "Unakufa bila kunirudishia brashi yangu?"

"Siwezi," akasema.

"Kifua."

Nondo ikapanda.

"Piga, shemeji!" Doa alilia. Kisha, kwa sauti ya chini, shavu likiwa limelala kwenye bati, "Piga wewe. Wewe unajua kupima. Huyu atasaga vyote."

Hapo Mstari akapiga magoti. Brashi hushikwa na vidole vitatu; viwili vya mwisho hufuata tu. Akaweka kidole chake cha shahada juu ya kidole cha mwisho cha Doa, kama anavyofanya na msumari kabla ya pigo la kwanza, akakiondoa, na kupiga.

Sauti ilikuwa ndogo, ya kijiti kikavu. Doa alichelewa kidogo kabla ya kupiga kelele, na kelele ilipokuja, ilimtoka na mkojo. Mstari hakungoja, kwa kuwa angengoja asingeweza tena. Akapiga cha pete. Mwili wote wa Doa uliruka juu ya debe kama samaki, ukarudi, ukatulia, ukaanza kutetemeka.

"Basi," Mstari alisema. Hakujua kama alikuwa akimwambia Wakala, au mkono wake mwenyewe. "Basi, basi."

"Bado," Wakala alisema. "Dole gumba."

Mstari aliinua macho. Bila dole gumba hakuna brashi. Hakuna kijiko, hakuna kifungo cha shati. Nyuma ya Wakala kilikuwa kioo kikubwa cha duka, na nyuma ya kioo simu mpya zilikuwa zimepangwa kama matofali, maputo ya bluu yakiwa juu yake.

Hakumlenga mtu. Alilenga kioo, na kulenga ndiyo ilikuwa kazi yake.

Nyundo ilipita kando ya sikio la Wakala. Kioo kikasimama nukta moja kama hakijaambiwa, kisha kikashuka chote kwa pamoja. Foleni iliyokuwa imesimama kwa adabu tangu alfajiri ikawa mto.

"Simu!" Wakala alipiga ukelele. "Acheni hao! Simu zangu!"

Kifua alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Kabla hajatii aliizungusha nondo mara mbili kwenye mbavu za Mstari, na pumzi ikamtoka kama tairi lililotobolewa. Ndipo akageuka na kuuingia umati, akipiga vichwa, migongo, chochote kilichobeba boksi. Mwanamke mmoja alitoka na maboksi matatu kifuani na damu usoni, akicheka, kisha akaanguka akakanyagwa. Mlinzi mmoja alichomwa kipande cha kioo pajani, akakaa chini akikitazama kama mgeni. Ng'ambo ya njiapanda walinzi wa manjano walikuwa wakishangilia, mpaka jiwe likatoka pasipojulikana, na kioo chao nacho kikashuka. Ngazi ilisukumwa, ikalala juu ya watu. Debe la bluu likapasuka, na kila aliyekimbia alikimbia na nyayo za bluu.

Mstari alitambaa, akamshika Doa ukosi, akamvuta uchochoroni. Wakaegemeana mpaka nyumbani.

Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani. Aliinua kichwa, akaondoa mguu kwenye pedali, na asipige kelele. Akachemsha maji, akatia chumvi, akaweka beseni katikati ya chumba, na kumkalisha mdogo wake kwenye kigoda.

"Baba Pacha, kaa hapo, usilale, mbavu zitakubana." Kisha kwa Doa, "Na wewe?"

"Nilianguka, dada. Ngazi."

"Ngazi ikakupiga ngumi mdomoni."

"Ilikuwa na hasira zake."

Hakucheka. Aliosha jicho, akaosha mdomo, akauzamisha mkono majini. Doa akauma kola ya shati lake. Mama Pacha alichukua rula yake ya mbao, ile ya kukatia vitambaa, akaivunja kwenye goti, kisha akavivunja tena vipande mpaka vikatosha urefu wa kidole. Akaanza kunyoosha na kufunga kwa kitambaa, polepole, akiviinamia vidole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Akasimama katikati ya kufunga.

"Walikuwa wangapi?"

"Wengi, dada. Fujo tu."

"Fujo." Aliugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. "Watu wa fujo wanapiga popote. Huyu amepiga kidole cha mwisho, pigo moja. Na cha pete, pigo moja. Cha kati hakina hata mchubuko." Alipitisha ncha ya kidole chake juu ya vile vitatu vizima, kimoja baada ya kingine. "Miaka ishirini nakata nguo za watu. Aliyefanya hivi alipima."

"Dada, acha."

"Nimesema nini? Sijasema kitu."

Hakumtazama mumewe. Alimaliza fundo, akaukata uzi kwa meno, akauweka mkono wa mdogo wake mapajani mwake kama kitu cha kuazima. Doa alikuwa amefumba lile jicho moja lililobaki. Mstari alifungua mdomo. Pengo lilivuta hewa baridi, na maneno yote aliyokuwa nayo yakaonekana makubwa kuliko pengo.

"Beseni hilo," Mama Pacha alisema. "Kalimwage."

Siku zote alimwita Baba Pacha. Safari hii hakumwita kitu.

Mstari alilinyanyua, mbavu zikimchoma, akatoka nalo uani. Maji yalikuwa na damu, na bluu iliyotoka mikononi mwake, na manjano ya kucha za Doa, na yote hayo yalikuwa yakizungukana bila kuchanganyika. Mfereji ulikuwa hatua tano tu. Alisimama. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi nusu, na cherehani haikuwa imeanza tena. Maji yakaendelea kutikisika, mduara ndani ya mduara, naye akayashikilia pale, akisikiliza kama komeo la mlango litasogea kumfungia nje.