Majivu Yasiyofagiwa

Moto ulikuwa umeacha shingo ya blauzi juu ya ukuta mweupe. Ndivyo nilivyoiona, mimi mtoto wa fundi wa kushona: ncha yake chini, pale ilipokuwa meza ya pasi, kisha mistari miwili myeusi ikipanda na kuachana hadi kwenye paa ambalo halikuwapo tena. Ukungu wa Butembo ulikuwa unaingia dukani bila kubisha hodi. Mama yangu, Kavuo, alisimama mlangoni na kuwazuia wanawake wa kwaya waliokuja na mifagio.

"Hapana fagia," aliwaambia, akimtaja wakala wa bima. "Papa ya asiransi alisema tusiguse kitu mpaka afike."

"Mama Abigaïl," alisema Mama Hulda, kiongozi wa kwaya, akimwita kwa jina langu kama walivyofanya wote, "unataka tukuwe tunapita mbele ya majivu sawa vile maiti yenye haifunikwe?"

Kwetu, nyumba ikiungua, majirani huja kufagia asubuhi ileile. Ndiyo pole yetu. Maneno hufuata baadaye. Mama alipoikataa pole hiyo, wanawake waliegemeza mifagio yao kwenye ukuta wa jirani na kuiacha pale.

Hadi leo, nikisikia harufu ya nguo mbichi chini ya pasi ya makaa, narudi katika duka lile. Mashini, cherehani ya mama, ilikuwa inacheka, mimi nimeketi juu ya vipande vya vikwembe, vitenge vyetu, nikivipanga kwa rangi, na mama anaimba sauti ya pili peke yake, akiacha nafasi ya sauti ya kwanza kana kwamba Mama Hulda yuko chumbani. Ilikuwa vita, ndiyo. Lakini mtoto hukumbuka rangi.

Soko lilipoungua mwaka uliotangulia, mama alijiandikisha kwenye bima ya moto ya ofisi moja ndogo ya Beni. Wenzake walimcheka sana. "Mama Abigaïl iko nalipa moto yenye haiyakuya!" Siku ile wakala alimwachia agizo moja tu: kukiungua, usifagie.

Kisha moto ulikuja. Risasi zilianza kulia tukiwa shuleni, na mwalimu akatulaza chini ya madawati. Mzazi wa kwanza kufika alikuwa mama, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, mguu mmoja hauna kiatu. Alinibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa, akakimbia nami hadi kwa Mama Hulda. Risasi ziliponyamaza, ndipo tulipoona moshi. Ndani ya moshi ule kulikuwa na mashini, kitambaa chote, na sare mpya za kwaya zilizokuwa zinangoja Pasaka.

"Ni basoda," walisema watu kabla ya moshi kuisha, yaani askari.

Papa Jéthro, yule wakala wa bima, alifika kutoka Beni kwa pikipiki, nyusi zimejaa vumbi jekundu. Hakuuliza nani wala lini. Alianza kwenye kona ambayo moto haukuifikia, akasogea polepole kuelekea pale ulipokula zaidi, akichuchumaa, akigeuza vipande kwa kijiti, akinusa. Wanawake wa kwaya walimfuata kwa macho kutoka mlangoni.

"Papa, usijisumbue," alisema Mama Hulda. "Ni basoda. Sisi bote tuliona."

"Uliona nini, mama?"

"Tuliona… mais, lakini basoda balipita!"

"Balipita. Donc, basi, hamukuona bakiwasha." Papa Jéthro hakumcheka. Alifuta mikono, akamgeukia mama. "Mama, nikwambie mbele ya yote. Moto ya vita, bureau, ofisi yetu, hailipe. Moto ya kuchoma kwa makusudi, hailipe. Moto ya kusahau, ile tunalipa."

Nilimwona mama akiwatazama wale wanawake. Leo naelewa alichokiona. Walikuwa wamepoteza sare zao, na badala ya kumuuliza, walikuwa wamemjengea ukuta wa kujificha: basoda, neno ambalo lingemfanya mtu wa kuhurumiwa maisha yake yote. Nje ya ukuta ule palikuwa na mashini nyingine, na mimi kuendelea na masomo. Lakini ili afike huko, ilibidi aseme mbele yao ni mkono wa nani ulioteketeza nguo zao.

Papa Jéthro alinyoosha kijiti kwenye ile ncha ya shingo ya blauzi. "Moto hupanda huku ukipanuka. Hapa chini ndipo ulipozaliwa. Kulikuwa nini hapa?"

"Meza," alisema mama. Kisha akainua uso. "Na pasi. Nilikuwa nanyoosha sare ya kwaya. Niliacha pasi juu yake."

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi.

"Sababu gani uliiacha?" aliuliza Papa Jéthro.

Mama alinishika bega. "Nilienda kumuchukua mutoto ku masomo."

Papa Jéthro aliutazama mkono ule begani mwangu kwa muda. Butembo nzima ilijua siku ile watoto walichukuliwa kwa sababu gani. Hata yeye, huko Beni, lazima alisikia. Angeweza kuuliza swali moja zaidi, na jibu lingeugeuza moto ule kuwa wa vita. Alitupa kijiti chake kwenye majivu.

"Mama yeyote anaenda kuchukua mutoto," alisema. "Miye nimemaliza. Naandika: moto ya kusahau."

Mama Hulda aliingia, akasimama mbele ya mama karibu sana, nikaogopa.

"Donc, sare yetu ni weye."

"Ni miye, yaya," mama alimjibu, akimwita dada mkubwa.

"Na ile siku, yangu ndio ilikuwa chini ya pasi?"

"Yako."

"Eh! Nilijua tu! Siku zote yangu ndio ya kwanza kuharibika." Akatoka nje, akarudi na mifagio, akampa mama yangu mfagio mmoja. "Haya. Tufagie."

Pasaka ile waliimba na nguo za kila siku, kila mmoja na rangi yake. Sijaona kwaya nzuri kama ile.

Mimi sasa nina binti, Elsa, na jioni nasoma masomo ya watu wazima. Jumamosi iliyopita nilikuwa nanyoosha blauzi ya kuvaa darasani, Elsa akaanguka uani na kulia kilio kile ambacho si cha kudeka. Nilipopata akili nilikuwa tayari nimembeba, nikipuliza goti lake. Ndipo nilipoikumbuka pasi.

Nilirudi ndani naye mgongoni, kwa haraka. Pasi ilikuwa juu ya jiwe lake la kuiwekea, imetulia. Sikumbuki kuiweka; mkono ndio uliokumbuka.