Fomu ya Pili

Mimi, Okiror, nimekuwa wakala wa forodha pale Malaba kwa miaka kumi na minne, na kazi hiyo imenifunza jambo moja: mzigo mmoja ukija na karatasi mbili, kuna mtu anakula. Hapo usiulize mtu shahada yake. Fungua turubai, uangalie mwenyewe.

Kwa hiyo daktari aliponiletea fomu ya pili, nilishtuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi nimeumwa mara nyingi.

Ilikuwa Agosti 1996. Mke wangu Amoding, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi huko Moding, alikuwa amelazwa Nairobi. Miaka miwili kabla ya hapo walimtoa figo moja yenye saratani, tukasema yamekwisha. Kumbe mbegu yake ilikuwa imehamia kwenye uti wa mgongo. Mgongo ukawa unamuunguza, miguu inaingia ganzi. Bado aliweza kutembea hadi chooni akishika ukuta, na miguu hiyo ndiyo tuliyokwenda kuiokoa.

Yeye hakujua jina la ugonjwa. Kwetu mgonjwa haambiwi. Figo ilipotolewa tulimwambia ilikuwa na jiwe. Sasa tukamwambia ni mishipa. Watu wazima wa nyumba ndio wanaobeba jina lenyewe. Nilimwonya hata Sista Sheilah wa wodi: karatasi zote zije kwangu.

Daktari Opondo alinieleza mambo tukiwa wima kwenye korido. Alikuwa kijana mwenye haraka, na watu wenye haraka siwapendi. Mpakani, mwenye haraka ndiye mwenye kitu chini ya kiti.

"Mzee, hii uvimbe imejaa damu," akasema. "Nikiikata vile iko, mama atamwaga damu yote kwa meza. So kwanza tunaziba mishipa yenye inailisha. Tunaingiza mpira mwembamba hapa kwa kinena, tunaufuata na eksirei mpaka mgongo, halafu tunamwaga chembe ndogo kama mchanga. Uvimbe inakosa chakula. Ndani ya siku mbili nafungua mgongo, naitoa."

"Ugonjwa iko mgongo, na wewe unaingilia kinena?"

"Hiyo ndio barabara ya damu, mzee."

"Na kwa nini siku mbili? Si mngoje apate nguvu?"

Akacheka. "Wewe ni mtu wa Malaba. Polisi wakifunga njia moja, magendo inakaa siku ngapi kabla ipate ingine?"

Sikucheka. Nani alimwambia habari zangu? Kuna kahawa fulani ya mwaka wa themanini na nane ambayo sijamweleza hata padri. Nilimtazama vizuri yule kijana, nikaanza kujiuliza ametumwa na nani.

Hata hivyo nilitia sahihi fomu ya kwanza. Jumatatu wakamziba. Alasiri nilimkuta amelala chali, uso umetulia.

"Baba Aluka, ule moto umepungua," akaniambia.

Nilifurahi hadi nikageuka ukutani asinione nikilia. Hata machozi hayajakauka, Opondo akaja na fomu ya pili: kupasua mgongo Jumatano asubuhi.

Moto umepungua, na bado wanataka kukata? Siku hizo stendi nzima ya Busia ilijaa hadithi za watu walioingia hospitali na figo mbili wakatoka na moja. Mke wangu aliingia na moja. Angetoka na ngapi?

"Nitasaini kesho," nikasema, nikaikunja fomu na kuitia mfukoni mwa koti.

"Karatasi gani hiyo?" Amoding akauliza.

"Ya chakula."

Ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza cha kidaktari, na Kiingereza changu mimi ni cha sukari na saruji. Nilimjua mtu mmoja tu wa kuaminika ambaye angeweza kunisomea: Obuya, tabibu wa zahanati ya Malaba. Kuuliza si ujinga. Nikamnong'oneza Sista Sheilah kwamba naenda kutafuta mtu wa kunisomea, nikapanda lori la mafuta lililokuwa likirudi mpakani. Dereva wake tulijuana.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa ofisini kwangu. Obuya hakuwepo, alikwenda kumzika shangazi yake Namboboto. Nilikuwa nikinywa chai nipate nguvu za kumfuata, simu ikalia. Methuselah, karani wangu, akaipokea, kisha akaiziba kwa kiganja.

"Nairobi, boss."

Ofisini kwangu simu ya Nairobi ni mtu anayeulizia mzigo uliochelewa. Nikapunga mkono kama ninavyopunga siku zote.

"Mzee amesafiri Mombasa," Methuselah akasema kwa sauti tamu niliyomfundisha mwenyewe. "Hapana, hatujui atarudi lini." Akaweka simu chini. "Anasema yeye ni daktari."

Moyo ukaniambia, umeona? Daktari wa kweli anamfukuza mtu kwa simu hadi Malaba? Haraka yote hiyo ya nini? Nikamaliza chai yangu.

Siku hiyo sikupata gari, nikafika Namboboto Jumatano asubuhi, saa ambayo Amoding alipaswa kuwa mezani. Obuya alikuwa matangani, amekunja mikono ya shati, anasaidia kupanga viti. Nilimvuta kando nikampa fomu. Akaisoma yote, nami nikangoja aniambie wizi uko ukurasa gani.

"Walimziba lini?" akauliza.

"Juzi."

Akanitazama kama mtu asiyenifahamu. "Okiror, hii karatasi inasema wampasue kabla damu haijapata njia ingine. Tena uvimbe ikishazibwa inaweza fura, ifinye uti. Ndio maana wanakimbia. Sasa wewe unafanya nini hapa?"

Niliondoka bila hata kuwapa pole wafiwa.

Alhamisi asubuhi nilitia sahihi kwenye meza ya Sista Sheilah. Kanuni yao ilitaka sahihi ya mume, kwa hiyo hawakuwa wamemgusa, na nafasi ya sahihi hiyo ilikuwa imezunguka mfukoni mwangu kutoka Nairobi hadi Namboboto na kurudi. Opondo hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu kwamba tangu jana jioni Amoding hasikii miguu.

Walimpasua siku hiyo hiyo. Damu ilikuwa imeshaanza kupata njia zake za panya. Alimwaga nyingi, wakamwongezea chupa saba, wakatoa walichoweza kutoa. Aliishi. Miguu haikurudi.

Sasa mwaka umepita. Amoding hukaa barazani kwetu Malaba kwenye kiti cha magurudumu, akisahihisha madaftari anayoletewa na walimu wenzake. Jina la ugonjwa analijua. Opondo alimwambia mwenyewe baada ya upasuaji. Wageni huja kumpa pole. Wiki jana alikuja Petronilla, jirani yetu.

"Hao madaktari wa Nairobi walikuharibu, dada," akasema. "Wanafanyia watu majaribio tu."

"Hawaaminiki," nikasema.

Nimewaambia hivyo wageni wote. Kila mara najichukia, na akija mwingine narudia.

Petronilla alipokwenda, Amoding hakuinua macho kutoka kwenye daftari.

"Baba Aluka, ile karatasi ya chakula."

Nikaanza kukusanya vikombe vya chai.

"Sista Sheilah aliniambia Jumanne asubuhi. Alisema, mzee wako ameenda na fomu, anatafuta mtu wa kumsomea. Daktari akaniuliza kama kuna simu ya ofisi. Mimi ndio nilimpa namba. Akapiga akiwa wodini, kwa simu ya sista, mimi nasikia. Wakamwambia uko Mombasa."

Nilitaka kumweleza habari ya Methuselah, na ya mkono wangu, na ya figo, na kwamba kwetu mgonjwa haambiwi. Kila neno nililolishika lilikuwa la aibu, nikaliacha.

"Nimefundisha mzunguko wa damu darasa la saba miaka kumi na moja," akasema. "Nachora moyo kwa ubao bila kuangalia kitabu. Ungenipa mimi niisome. Nilikuwa hapo tu, kitandani, macho wazi."

Akatia tiki, akalifunga lile daftari, akanyoosha mkono nimpe lingine.