Daraja Linalobembelezwa

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi daraja la waenda kwa miguu lilitikisika tena, na watu wakashika vyuma huku wakiendelea na maongezi yao. Ni daraja la chuma, limepinda mgongo juu ya barabara kuu. Mkandarasi, shemeji wa mkuu wa ofisi ya ujenzi, hakuweka mipira minene ya kumeza mtikisiko kwenye ncha zake mbili. Alipoulizwa akasema, macho makavu, kwamba alisahau.

Mhandisi wa ofisi alipanga mifuko ya mchanga katikati. Daraja likanuna, likaimwaga yote.

Mama Taratibu, yaya mstaafu aliyelea watoto wa watu miaka arobaini, alikuwa anavuka kwenda kwa bintiye, ambaye mimba yake ilishatimiza miezi tisa. Akachutama pale daraja linapoanzia, akalipigapiga kwa kiganja cha kulia. Daraja likashusha pumzi, likatulia, likaanza kukoroma.

"Mwanangu, mtoto anayerusha miguu unamkandamiza tumbo?" alimwambia mhandisi. "Mshike miguu."

Alipoinua mkono, daraja likaamka na muuza maji akajikuta amepiga magoti. Mama Taratibu akaurudisha.

"Tuvumilie kidogo, mama," mhandisi alisema. "Mipira imeagizwa."

"Kidogo gani? Binti yangu anajifungua wiki hii."

"Itafika wiki hii hii."

Haikufika. Ofisi ilimletea kiti, mwavuli na kitambulisho chenye picha ya mtu mwingine. Mkaguzi akaja na vyombo vyake, akaandika kwamba daraja ni imara, na kwenye mchoro akamchora Mama Taratibu penye ncha, pamoja na vipimo vyake. Mkandarasi akapewa daraja la pili. Tangazo la kutafuta yaya wa hilo la pili likabandikwa siku hiyo hiyo.

Bintiye alijifungua Alhamisi, bila mama yake. Mama Taratibu alipopata habari alilia, ila alilia kwa uangalifu, daraja lisije likaamka.

Wiki mbili baadaye bintiye akamleta mtoto pale.

"Mshike basi, mama."

"Mkono wa kulia uko kazini."

Akampokea kwa wa kushoto. Mtoto akalia, na kadiri alivyompigapiga ndivyo alivyozidi, maana mkono ule haukuwahi kujifunza kubembeleza. Bintiye akangoja, akangoja, kisha akamchukua mwanawe, akavuka naye. Daraja halikutikisika hata kidogo.